Nikicheza na binti yangu, nitapoteza heshima yake?

Swali: "Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Tanga na nina duka la vifaa vya ujenzi. Binti yangu ana miaka miwili na miezi kumi, mdogo wake wa kiume ana miezi mitano. Wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki, wa mke wangu wako Lushoto, kwa hiyo nyumbani tuko wenyewe. Nikifika jioni binti hunipokea mlangoni, hunivua kofia akaivaa yeye, kisha huchukua rimoti ya televisheni, huiweka sikioni na kufoka: 'Saruji haijafika? Nyie hamna aibu!' Ni maneno yangu mwenyewe ya dukani. Nacheka mpaka machozi, halafu nageuka farasi, namzungusha sebule nzima. Juzi tulikuwa na wageni, naye akawatangazia kwamba baba akilala anakoroma kama bajaji. Wote walicheka, isipokuwa dada yangu mkubwa. Aliniita pembeni akaniambia: 'Ukicheka na nyani, utavuna mabua.' Anasema marehemu baba yetu hakuwahi kukaa chini kucheza nasi, na tulimheshimu mpaka anaingia kaburini. Na kweli, siku hizi nikimkataza binti jambo, mara nyingine ananicheka. Mke wangu naye analalamika kwamba tukishacheza mtoto halali mpaka saa nne usiku. Huyu mdogo ndiye kabisa: nikijifunika kanga na kuifunua, ananitazama tu kama mtu anayesubiri chenji. Je, ninawaharibu watoto? Na michezo hii ina faida yoyote, au ni mimi tu ninayejifurahisha?"

Marahaba, baba. Nakiri kwamba hiyo saruji ambayo haijafika imenichekesha mimi pia. Barua yako ina hofu moja kubwa, kwamba kicheko kinakula heshima, na pembeni yake yamo mambo matatu madogo: binti anayecheka akikatazwa, usingizi unaochelewa, na mtoto wa miezi mitano asiyeshangazwa na kanga. Swali la mwisho, kama unajifurahisha tu, umelitupa mkiani kana kwamba unalionea aibu. Nalo nitalipa nafasi yake, kwa sababu akina baba wengi wanalo moyoni na hawaliulizi.

Nianze na dada yako, maana hasemi upuuzi. Katika jamii nyingi za huku kwetu malezi yalikuwa na mgawanyo wa kazi: mzazi alibeba amri na nidhamu, na utani ukaachiwa babu na bibi. Ndiyo maana mpaka leo babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumlalamikia kwamba chai aliyomletea haina sukari, jambo ambalo baba mzazi hathubutu kulifanya. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa aina hii mwaka 1940, akaonyesha kwamba utani hukaa mahali ambapo watu wanatakiwa kuwa karibu bila kugombana. Watanzania hatuhitaji ushahidi zaidi: Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaoweza kutaniana hata msibani.

Kwa hiyo yamkini marehemu baba yenu hakuwalea katika nyumba isiyo na kicheko. Kicheko kilikuwapo, ila kilikuwa mikononi mwa watu wengine, na yeye akabaki na sehemu yake ya ukali, ambayo peke yake ingekuwa nzito mno kwa mtoto. Kwako wewe babu yuko Lushoto na mwingine hayupo tena duniani. Ukichukua ule uso wa marehemu baba yako ukauleta kwenye nyumba ambayo babu hayumo, unakuwa umechukua nusu ya malezi ya zamani na kuiacha nusu nyingine. Dada yako anakumbuka vizuri alichokiona, lakini hajahesabu kila aliyekuwa akimchekesha.

Methali aliyokupa haina kosa, ila ameipeleka shamba lisilo lake. Nyani wa methali ile yuko ndani ya mahindi, anakula, na mwenye shamba amesimama pembeni anacheka badala ya kumfukuza. Binti yako akiwa sebuleni na kofia yako kichwani hajala hindi la mtu. Siku atakayomvuta mdogo wake nywele, nawe ukacheka kwa sababu amefanya kwa madaha, hapo dada yako atakuwa amesema kweli tupu. Mpaka uko hapo: usicheke wakati kanuni ya nyumba inavunjwa, na wakati mwingine wote cheka upendavyo.

Tena kile ambacho watu wazima hukiita heshima kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni vitu viwili vilivyochanganywa. Kimoja ni woga, ambao hufanya kazi haraka na huisha mara tu mwenye kuogopwa anapogeuza mgongo. Kingine ni mtoto kuamini kwamba neno la mzazi wake lina maana ileile leo na kesho. Hiki cha pili hujengwa kwa kutimiza ulichosema, wala kununa hakukiongezei kitu. Umesema kipande kimoja cha mkate wa sinia, basi ni kimoja, hata akilia. Umesema Jumapili mtakwenda Raskazone kuangalia bahari, basi mnakwenda, au unamweleza kwa nini hamwendi. Baba anayetimiza anaweza kutembea kwa magoti na mtoto mgongoni kila jioni na neno lake lisipungue uzito.

Sasa tutazame kinachotokea kichwani mwa huyo mchekeshaji wako. Mtoto huanza kutabasamu kwa kuitikia uso wa mtu akiwa na wiki sita hadi nane hivi, na kicheko cha sauti huja kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Ikifika miezi minane au tisa hutokea jambo ambalo wazazi wengi hulipita bila kulitambua: mtoto anakunyoshea biskuti, unapotaka kuipokea anaivuta, kisha anakutazama usoni na kucheka. Mwanasaikolojia Vasudevi Reddy wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, amechunguza kwa miaka mingi utani huu wa watoto wachanga, na hoja yake ni kwamba mtoto hawezi kukutania bila kuwa na fununu ya kile unachokitarajia. Mzaha ni mojawapo ya dalili za mwanzo kwamba mtoto ameanza kuisoma nia ya mtu mwingine.

Binti yako ameshafika mbali zaidi. Anajua kwamba rimoti si simu, na anaitumia kama simu kwa makusudi. Ameshika maneno yako, sauti yako, na bila shaka hata namna unavyokunja uso. Kubwa zaidi, amegundua kwamba ukali wa mwenye duka ukitoka kinywani mwa mtu ambaye kofia imemfunika macho, kuna kitu hakilingani. Kicheko huzaliwa pale mtu anapotarajia hiki akakuta kile, huku akiwa na hakika kwamba yuko salama. Ondoa hiyo hakika, na jambo lilelile linageuka kuwa kitisho. Ndiyo sababu wewe ukimrukia kutoka nyuma ya mlango anaangua kicheko, na mgeni akifanya hivyohivyo anaangua kilio. Kila akikucheka, anatangaza bila kujua kwamba kwako hana mashaka.

Habari ya bajaji nayo isikuumize. Uwezo wa kuelewa kwamba mtu mwingine ana mawazo yaliyo tofauti na yako, na kwamba kuna mambo yanayosemwa chumbani na yasiyosemwa mbele ya wageni, huanza kuimarika karibu na umri wa miaka minne. Binti hajafika huko. Alichokijua ni kwamba sentensi hiyo ilishawahi kuchekesha watu nyumbani, naye akawapa wageni kilicho bora alichokuwa nacho. Kumwadhibu kwa neno ulilolipigia makofi jana ni kumchanganya. Cheka kidogo, badilisha mazungumzo, na wageni wakishaondoka mwambie kwa maneno machache kwamba mambo ya kulala ni ya kwetu wenyewe. Utalirudia mara nyingi kabla halijamwingia, na hiyo ni kawaida ya umri wake.

Kuhusu kucheka anapokatazwa, hapa ndipo ninapokuomba ubadilishe kitu. Mtoto tangu anapotimiza mwaka mmoja hivi huangalia uso wa mzazi ili ajue jambo ni la hatari au la mchezo. Jichunguze wakati unapomkataza. Tuseme ameisogelea soketi ya pasi. Wewe uko kwenye kochi, unasema "Wewe!" kwa sauti ileile ya farasi, pembe za midomo zimeanza kucheza, yeye anakimbia, nawe unamkimbiza. Kwa upande wake huo umekuwa mchezo wa kukimbizana, tena mzuri, ambao huanzishwa kwa kugusa soketi. Kesho ataigusa tena ili aufungue mchezo, na kicheko chake hakina dharau yoyote ndani. Wakati mwingine mtoto hucheka pia kwa sababu ya wasiwasi, kwa kuwa ameona uso umebadilika na hajui la kufanya.

Dawa yake haina ukali. Inuka, mfuate bila kukimbia, chuchumaa uso wako uwe usawa wa uso wake, shika mkono wake na useme sentensi moja fupi: "Soketi haiguswi." Uso wako uwe umetulia, bila hasira na bila tabasamu. Mwondoe pale, kisha nyamaza. Akicheka usicheke, wala usimuulize "Unacheka nini?", kwa maana swali hilo linafungua mazungumzo mapya. Dakika mbili baadaye mnaweza kurudi kwenye mchezo. Sentensi hiyo iwe ileile kwa mama yake na kwa msaidizi wa kazi kama mnaye. Vilevile mchezo wenyewe uwe na mwisho unaojulikana: ukisema "Farasi amechoka," farasi amechoka kweli, haongezi raundi hata akibembelezwa. Baba wengi huharibu hapo. Husema basi, kisha huongeza moja, kisha nyingine, halafu hushangaa kwa nini neno "basi" halina nguvu mezani wakati wa kula.

Sasa, je, michezo hii ya kubebana na kugaragazana ina faida? Daniel Paquette, mtafiti wa Montréal nchini Kanada, alipendekeza mwaka 2004 kwamba pamoja na kumliwaza mtoto, baba mara nyingi humfungulia dunia: humchangamsha, humsukuma ajaribu jambo la kutisha kidogo, na humwekea mipaka katikati ya msisimko huo. Mchezo wa farasi ni mfano mzuri. Moyo wa mtoto unakwenda mbio, anapiga kelele, anakaribia kuvuka mpaka kwa kuuma au kupiga, ndipo baba anaposimama na kusema taratibu. Hapo anajifunza kuushusha mwili wake kutoka juu, kazi ambayo ataihitaji siku atakaponyang'anywa mdoli na mtoto wa jirani. Kinachofanya kazi ni baba anayeushika usukani wa mchezo. Baba anayecheza kama mtoto mwenzake mpaka mmoja alie hatoi faida hiyo.

Lakini nisikuuzie zaidi ya kilichomo. Hakuna sheria ya maumbile inayosema baba achangamshe na mama abembeleze. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliishi na Waaka, jamii ya wawindaji wa msitu wa Afrika ya Kati, na kukuta kwamba baba wao huwa karibu na watoto wachanga kwa karibu nusu ya siku, huwashika na kuwabeba kwa muda mrefu, na wala michezo ya kurushana si tabia yao. Watoto wao hawajapungukiwa na kitu. Anayemjua mtoto wake kwa kukaa naye siku nzima hana haja ya kuingia kwa kishindo, na wewe unayerudi jioni unatumia kishindo kama njia ya mkato ya kusema "nimefika". Njia zote mbili ni halali. Baba ambaye si mtu wa vurugu anaweza kumchekesha mtoto kwa kuvaa kandambili mikononi na kuuliza kwa utulivu kwa nini hazimtoshi.

Kuna mambo ya mwili ambayo lazima niyataje. Usimwinue wala kumzungusha kwa kumshika viganja au vifundo vya mikono. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, mfupa wa karibu na kiwiko huchomoka kirahisi kwenye kano inayoushikilia, na utamwona ameuacha mkono ukining'inia bila kuutumia. Mshike chini ya makwapa. Likitokea, mpeleke kituo cha afya, usimpeleke kwa mkandaji. Kinywa kikiwa na karanga au pipi, hakuna kuchekeshana mpaka kimeze. Huyu wa miezi mitano asitikiswe kabisa, hata kwa mapenzi, kwa kuwa shingo yake haijakaza na kutikiswa kwa nguvu kunaweza kusababisha damu kuvuja kwenye ubongo. Kumtekenya mtoto nako kuna kasoro moja ambayo watu hawaifikirii: kicheko cha kutekenywa hutoka hata kama anayetekenywa hataki. Ukisikia "basi", au ukiona anakunja mwili na kugeuza uso, acha papo hapo. Akitaka tena atakurudishia mkono wako mwenyewe.

Suala la usingizi mkeo yuko sahihi. Mwili wa mtoto uliochemshwa kwa vurugu unahitaji muda wa kupoa, na nusu saa ni kiasi cha chini. Mpangilio ninaoupendekeza ni farasi mara tu unapofika, kisha kuoga, kula, na baada ya hapo kicheko kiwe cha sauti ya chini. Hapo ndipo hadithi inapofaa. Mwambie "Paukwa!", aitikie "Pakawa!", halafu umsimulie habari za sungura aliyekwenda dukani kwako kununua saruji kwa deni. Atacheka, lakini atacheka akiwa amelala chali.

Nina shaka pia kwamba malalamiko ya mkeo hayahusu saa nne peke yake. Katika nyumba nyingi baba huchukua dakika ishirini za furaha, na mama hubaki na kuoga, kulisha, kubadilisha nepi na kulaza mtoto ambaye sasa macho yamemkauka. Binti anamwona baba kama sherehe na mama kama kazi. Jambo hilo si la haki, na mama wengi hulisema kwa kuzunguka. Chukua wewe kazi ya kumwogesha na kumlaza angalau baadhi ya siku. Bafuni kuna vichekesho vingi kuliko sebuleni, na utagundua kwamba mtoto anayesuguliwa masikio na baba yake anamheshimu vilevile.

Kuhusu mteja wako anayesubiri chenji, mpe muda. Mchezo wa kujificha nyuma ya kanga unachekesha pale tu mtoto anapoanza kujua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, aliliweka jambo hilo karibu na miezi minane, na watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba dalili zake huanza mapema kidogo. Katika miezi mitano uso wako unapotoweka, kwake mchezo haujaanza bado, na unaporudi anaushughulikia kama habari mpya. Ule mtazamo mkavu ni kazi nzito: anausoma uso wako. Rahisisha. Jifunike nusu tu, mwache asikie sauti yako nyuma ya kanga, tokea upande uleule mara tatu, kisha chelewa kidogo. Siku moja, pengine mwezi ujao, utamwona ameanza kutabasamu kabla kanga haijafunuka, na hapo ujue ameshakukamata.

Nataka nikuonye juu ya aina moja ya mzaha, kwa sababu imeenea sana na wanaoufanya ni watu wema. Ni ule wa "Nitakuuza kwa muuza mkaa," "Mama ameondoka, harudi tena," au "Wewe tulikuokota sokoni." Mtu mzima anasikia kejeli, lakini uwezo wa kuelewa kejeli hauji mpaka mtoto anapokaribia miaka mitano au sita, na binti yako anasikia taarifa. Vivyo hivyo kumwiga anavyolia, au kumsimulia mgeni jinsi alivyojikojolea huku yeye amesimama palepale. Kanuni ninayoitumia ni nyepesi: katika mzaha mzuri mtoto ndiye anayeshinda. Baba ndiye anayeanguka na kuvaa kofia kinyumenyume, na baba ndiye anayesahau rangi ya ndizi na kusahihishwa.

Nimefika kwenye lile swali ulilolionea aibu. Ndiyo, unajifurahisha, na ni vyema. Mwili wa mwanaume hubadilika kwa malezi. Mwaka 2011 Lee Gettler na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 624 wa Cebu, Ufilipino. Wale waliopata wenza na watoto walishuka kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, kuliko waliobaki waseja, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasioshiriki. Miaka miwili kabla, Martin Muller na wenzake walikuwa wamewapima wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga, majirani wa eneo la Ziwa Eyasi hapa nchini. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao baba hushiriki kulea watoto wadogo, akina baba walikuwa na kiwango cha chini kuliko wanaume wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, ambako kulea mtoto mchanga kwa desturi ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Wala usiogope neno kushuka. Hakumpunguzii mtu uanaume wake. Maana yake ni kwamba mwili huitikia kumshika mtoto, na cheti cha kuzaliwa peke yake hakiubadilishi. Ruth Feldman na wenzake nchini Israeli nao walikuta kwamba kwa akina baba homoni ya oksitosini, inayohusika na kujenga ukaribu, huambatana hasa na michezo ya kuchangamsha, ile ile unayoifanya na kofia yako.

Kwa hiyo raha unayoipata ndiyo mshahara unaokufanya urudi nyumbani mapema kesho. Ungekuwa unacheza kwa kujilazimisha, ungeacha ndani ya wiki mbili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, inaweka malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kuzitambua ishara za mtoto na kuziitikia, pamoja na lishe, afya, ulinzi na ujifunzaji wa awali kama nguzo zinazosimama pamoja. Yaani farasi wako yuko kwenye mpango wa serikali, mwambie dada yako hivyo akija tena.

Kama ningetafuta kitu cha kumwogopesha baba, nisingechagua kicheko. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walieleza jaribio ambalo mama anacheza na mtoto mchanga, kisha anabaki anamtazama kwa uso usiotikisika. Katika muda mfupi mtoto hujaribu kila mbinu ya kumrudisha, hutabasamu, hunyosha mikono, kisha hugeuka pembeni na kulia. Uso wa namna hiyo leo tunaupata bila jaribio, kila mtu mzima anapoinamia simu jioni nzima. Wateja wako wa mabati wanaweza kusubiri mpaka watoto walale.

Yapo mambo ambayo hayafai kujibiwa kwa maandishi. Mtoto ambaye hatabasamu kwa kuitikia uso wa mtu akiwa amefikisha miezi mitatu, ambaye haitiki jina lake wala kutoa sauti za kubwabwaja kufikia mwaka mmoja, ambaye hana neno hata moja kufikia mwaka mmoja na nusu, au aliyekuwa akifanya mambo hayo kisha akayaacha katika umri wowote, apelekwe kwa daktari wa watoto bila kusubiri. Kwa mtoto wako wa miezi mitano, kama hacheki na mtu yeyote, hafuati uso kwa macho au hashtuki kwa sauti kubwa, mpeleke. Kama anacheka na mama yake na kukukazia macho wewe, endelea na kanga. Kwa binti, mwone mtaalamu iwapo kicheko chake kinaambatana na kujiumiza au kuumiza wengine kila siku, au iwapo anaogopa kuguswa.

Na wewe mwenyewe umo kwenye orodha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban baba mmoja kati ya kumi hupata sonona katika kipindi cha ujauzito wa mwenza wake na mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa wanaume mara nyingi huonekana kama hasira za ghafla, kuchelewa kurudi kwa makusudi, pombe, au kutoguswa na kitu ambacho zamani kilikuchekesha. Saruji ikikoma kukuchekesha kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, usijikaze kiume, mwone daktari.

Huyo mdogo ana siku za chanjo na kupimwa uzito zinazokuja. Mpeleke wewe siku moja, na uandike pembeni maswali yako yote kuhusu kicheko chake. Ukiingia kliniki na mtoto begani bila mama, mabenchi yote yatageuka kukutazama, na mhudumu atakuuliza mama yake yuko wapi. Mwambie yuko nyumbani anapumzika, kisha mpe kadi.